Fuata Tanuru, Si Jina: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Familia za Waasturia wa St. Louis

Andika García kwenye kisanduku cha kutafutia cha tovuti yoyote ya nasaba, chagua Missouri, weka mwaka 1920, bonyeza. Utamiminiwa kurasa kwa kurasa za watu, wengi wao wazaliwa wa Meksiko, wengine wameandikwa Gracia au Garsia, na huna njia ya kujua yupi ni wako. Jaribu Fernández, Álvarez, Suárez, Menéndez, González. Hali ni ileile. Majina machache yamebeba watu wengi mno kule Asturias, Uhispania, walikotoka Waasturia, na ndiyo maana wengi hukata tamaa wiki ya kwanza.

Ushauri wangu ni kuliweka jina pembeni na kushika kiwanda. Waasturia waliofika St. Louis, jiji la Missouri, mwanzoni mwa karne ya 20 hawakuja kubahatisha. Walikuja kuyeyusha zinki, kazi ambayo wengi wao waliijua tangu kwao, na walihama kila palipowashwa tanuru la zinki. Ukijua matanuru yalikuwa wapi na yalizimwa lini, utaikisia njia ya familia hata kabla hujaiona kwenye karatasi. Anayemtafuta babu wa mumewe au mkewe, na anayefanya kazi hii kwa niaba ya mwingine, wote watapita njia hiyohiyo.

Walikotoka, na kilichowaleta

Asturias iko kaskazini mwa Uhispania, milima nyuma na bahari mbele. Makao makuu ni Oviedo. Bandari kubwa ni Gijón na Avilés. Magharibi kidogo ya Avilés, katika wilaya ya Castrillón, kuna kijiji cha Arnao. Katika karne ya 19 makaa ya mawe yalichimbwa hapo kwa shimo la wima, na baadaye njia za mgodi zikapita chini ya sakafu ya bahari, mpaka maji yalipoingia na mgodi kufungwa 1915. Kando ya mgodi huo kampuni ya Real Compañía Asturiana de Minas ilijenga kiwanda cha zinki katikati ya karne ya 19. Wanaume wa Arnao, Salinas, Naveces, Santa María del Mar na Piedras Blancas walirithishana kazi hiyo baba kwa mwana.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Madini husagwa, huchanganywa na makaa, hushindiliwa ndani ya vyungu virefu vya udongo vilivyolazwa kwa safu ndani ya tanuru. Moto ukikolea, zinki hugeuka mvuke, hutoka mdomoni mwa chungu na kupozwa hadi kuwa zinki ya kioevu. Kisha vyungu husafishwa na kujazwa upya, mtu akiwa amesimama mbele ya ukuta mzima wa moto. Wenyeji wengi waliikimbia kazi hiyo, na kampuni za Marekani zilimhitaji mtu aliyekwisha kuizoea.

St. Louis ilikuwa na kila kitu karibu: madini ya zinki kutoka eneo la Joplin, Missouri, makaa ya mawe kutoka Illinois ng'ambo ya mto, na Mississippi yenyewe. Viwanda vilijipanga Carondelet, kusini mwa jiji, mahali palipokuwa mji wa kujitegemea hadi kumezwa na St. Louis mwaka 1870. Kampuni ya kukumbuka hapo ni Edgar Zinc, ambayo pia ilikuwa na kiwanda Cherryvale, Kansas. Kansas ilivutia viwanda kwa sababu ya gesi asilia ya bei rahisi; gesi ilipopungua, viwanda vikasogea Oklahoma, hasa Bartlesville. Vita vya Kwanza vya Dunia vikapandisha bei ya zinki, kwa kuwa shaba nyeupe ya maganda ya risasi na mizinga haitengenezwi bila zinki. Mwaka 1915 kiwanda kikubwa kikaanza kujengwa Donora, Pennsylvania, na familia nyingi za Carondelet na Cherryvale zikafunga mizigo kuelekea huko. Wengine walikuwa Anmoore na Spelter, karibu na Clarksburg, West Virginia; wengine Langeloth, Pennsylvania; wengine DePue, Illinois; na wengine walivuka mto tu hadi Fairmont City.

Iandike orodha hiyo ya miji mahali unapoiona. Angalia pia majina ya kale: Anmoore iliwahi kuitwa Grasselli, kwa jina la kampuni ya kemikali, na Spelter iliitwa Ziesing. Ukitafuta Anmoore kwenye hati za 1910 hutaipata.

Hatua ya 1: Anza na wazee na masanduku ya nyumbani

Usifungue kompyuta bado. Nenda kwa mtu mzima kuliko wote katika familia, na usiende mikono mitupu: chukua picha za zamani, hata zile ambazo hakuna anayewajua waliomo. Mzee akiulizwa "babu yako alizaliwa wapi?" atajibu "Uhispania" na mazungumzo yataishia hapo. Akionyeshwa picha atasema huyu ndiye aliyekuwa analala chumba cha nyuma kwetu, yule mkewe alikuwa anatengeneza soseji za chorizo kila baridi ikianza. Huyo wa chumba cha nyuma ni hazina, kama tutakavyoona.

Uliza majina ya utani. José huitwa Pepe au Pepín, Francisco ni Paco, Manuel ni Manolo au Nolo, Celestino na Faustino wote hufupishwa kuwa Tino. Wakifika Marekani José anakuwa Joe, Ramón anakuwa Raymond, na Jesús, jina la kawaida kabisa kwao, linawashangaza Wamarekani na kugeuzwa Jess. Uliza pia jina la nyumba. Vijijini Asturias kila nyumba ilikuwa na jina lake, na watu walitajwa kwa nyumba zaidi ya ukoo. Barua kutoka kwao inaweza kubeba jina hilo bila mtu yeyote Marekani kujua ni kitu gani.

Geuza kila picha nyuma. Mhuri wa studio ya Avilés au Gijón ni ushahidi. Picha nyingi za wakati ule zilichapwa kama kadi za posta, kwa hiyo kuna anwani, tarehe, na salamu kwa watu watatu wanne wanaotajwa kwa jina la kwanza tu. Nakili yote, hata usiyoyaelewa.

Hatua ya 2: Tengeneza jina kamili

Mhispania ana majina mawili ya ukoo: la kwanza la baba, la pili la mama. Mtu aliyezaliwa Manuel Suárez Muñiz, tuseme, ni mwana wa Bwana Suárez na Bibi Muñiz. Karani wa Marekani akisikia hivyo hudhani Muñiz ndilo jina la ukoo na Suárez ni jina la katikati. Matokeo yake, mtu huyohuyo ni Manuel Suarez kwenye sensa, Manuel Muniz kwenye orodha ya meli, na Mike Swares kwenye kitabu cha mishahara. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuishia na majina tofauti.

Mwanamke habadili jina akiolewa kule Uhispania. Hubaki na majina ya wazazi wake, jambo ambalo msomaji wa pwani halitamshangaza. Marekani alilazimishwa jina la mume, lakini kwenye ubatizo wa watoto na kwenye meli mara nyingi alibaki na lake. Ukimkosa mke melini, mtafute kwa jina la baba yake. Tengeneza jedwali: kila mtu na mpangilio wote unaowezekana wa jina lake, pamoja na makosa ya herufi. Kwa majina kama García, lile jina la pili ndilo litakalokuokoa. Artime, Cuervo, Inclán, Heres na Busto hayajatapakaa kama Fernández, kwa hiyo yatafute hayo kwanza.

Hatua ya 3: Vyeti vya vifo vya Missouri

Hapa Missouri imetufanyia hisani. Jimbo lilianza kusajili vifo kwa utaratibu mmoja mwaka 1910, na vyeti vyote vilivyovuka miaka 50 viko kwenye intaneti bure, picha ya cheti chenyewe, kupitia tovuti ya hifadhi ya nyaraka ya jimbo. West Virginia nayo imeweka bure vyeti vya kuzaliwa, ndoa na vifo. Pennsylvania ina vyeti vya vifo tangu 1906, ila hivyo viko kwenye tovuti ya kulipia.

Chukua cheti kimoja ukisome polepole. Jina la baba na jina la mama la usichana vimo. Ukiyaunganisha unapata jina kamili la Kihispania la marehemu. Kuna kazi yake, sababu ya kifo, jina la mtoa taarifa na anwani yake, mzishi na makaburi. Mtoa taarifa ni muhimu kuliko anavyoonekana: mara nyingi ni mkwe, mpangaji au mtu wa kijiji kimoja. Lakini kumbuka naye alikuwa anajibu siku ya msiba. Jina la bibi aliyefia Asturias miaka 40 nyuma linaweza kuwa la kubuni kabisa, na kwenye mahali pa kuzaliwa utakuta neno Spain tupu.

Jambo moja la kiofisi: St. Louis jiji na St. Louis kaunti ni vitu viwili tangu 1876 vilipotengana. Ndoa ya Carondelet iko kwa msajili wa jiji. Anayekwambia kaunti haina rekodi hakudanganyi, umekwenda mlango usio wake.

Hatua ya 4: Sensa, lakini isome kwa jirani

Sensa za 1900 hadi 1950 ziko wazi. Ile ya 1890 karibu yote iliteketea, kwa hiyo usihangaike nayo. Usitafute jina. Tafuta mtaa. Kwa kutumia kitabu cha anwani cha Gould, kilichochapishwa kwa ajili ya St. Louis, na ramani za bima ya moto za Sanborn zinazoonyesha kila jengo, utaona viwanda vilikuwa wapi na nyumba zipi zilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu. Kisha fungua kurasa za sensa za eneo hilo, kando ya South Broadway na kushuka mtoni, uzisome moja baada ya nyingine kama gazeti.

Ni kazi ya jioni mbili tatu, na inalipa kuliko utafutaji wowote wa jina. Utaanza kuona nyumba yenye mume, mke, watoto watatu na wapangaji sita, wote wa Uhispania, na kwenye safu ya kazi imeandikwa "zinc works", "spelter" au "smelter". Spelter ni jina la kibiashara la zinki, na wasiolijua huruka mistari hiyo. Wapangaji hao ndio mwanga wako. Mwasturia hakwenda kupanga kwa mtu asiyemjua. Alilala kwa binamu, shemeji, au mtoto wa jirani yao wa kijijini. Waandike wote. Ukishindwa kupata kijiji cha mtu wako, kipate cha mpangaji wake.

Sasa tazama watoto wamezaliwa wapi. Tuseme sensa ya 1920 inaonyesha mtoto wa kwanza kazaliwa Uhispania, wa pili Kansas, wa tatu Missouri, wa nne Pennsylvania. Hiyo ni ratiba ya matanuru: Arnao, Cherryvale, Carondelet, Donora. Umri wa watoto unakupa miaka ya kuhama ikiwa imepungua au kuzidi mwaka mmoja au miwili, na sasa unajua vitabu vya ubatizo vya mji gani uombe. Mtoto aliyezaliwa Uhispania kati ya wawili waliozaliwa Marekani si kosa la karani. Wengi walirudi kwao, wakakaa kidogo, wakaja tena.

Hatua ya 5: Kadi za kuandikishwa jeshini

Mwaka 1917 na 1918 wanaume wa umri uliotakiwa waliandikishwa, raia na asiye raia. Kulikuwa na awamu tatu kubwa, na kadi zake hazifanani. Ile ya Juni 1917 inauliza mji wa kuzaliwa, na hiyo ndiyo unayoitaka. Ya Juni 1918 pia inauliza. Ya Septemba 1918, iliyochukua wanaume wa miaka 18 hadi 45 waliokuwa hawajaandikishwa, haiulizi mahali pa kuzaliwa, lakini inataka jina na anwani ya ndugu wa karibu. Kijana asiye na mke alimtaja mama yake, na anwani ikawa kijiji. Zote zinataja mwajiri.

Kuna awamu nyingine ya Aprili 1942, ya wanaume wazee waliozaliwa kati ya mwishoni mwa Aprili 1877 na katikati ya Februari 1897. Umri huo umewakumba Waasturia wengi wa kizazi cha kwanza. Kadi za majimbo kadhaa ya kusini ziliharibiwa. Za Missouri zipo.

Ukikuta mahali pameandikwa Oviedo, tulia. Mpaka 1983 jimbo zima la Asturias liliitwa rasmi Oviedo, kwa jina la mji wake mkuu. Mtu wa Arnao aliyejibu Oviedo alikuwa anataja jimbo, na wako watafiti waliopoteza miezi mjini Oviedo wakimtafuta mtu ambaye hajawahi kulala huko.

Hatua ya 6: Uraia

Tenganisha mambo kwa tarehe 27 Septemba 1906. Kabla ya hapo mahakama yoyote iliweza kumpa mtu uraia, na karatasi yake huwa na maneno machache tu. Baada ya hapo fomu zilikuwa za aina moja nchi nzima: tarehe na mahali pa kuzaliwa, jina la meli, siku ya kufika, mke, watoto wote na tarehe zao, pamoja na mashahidi wawili. Kuanzia Julai 1929 tamko la nia, yaani karatasi ya kwanza ya kuomba uraia, linabandikwa picha ya mwombaji. Kwa familia zisizo na picha hata moja, hiyo inaweza kuwa ya kwanza kuiona. Rekodi za mahakama ya shirikisho ya St. Louis ziko katika tawi la Kansas City la hifadhi ya nyaraka ya taifa, na sehemu kubwa ya rekodi za uraia imeskaniwa. Faili la serikali kuu huombwa kwa idara ya uraia na uhamiaji, kwa malipo, na uwe na subira.

Wanawake wana sheria zao. Hadi Septemba 1922 mke alifuata uraia wa mume, hivyo hutamkuta na faili lake. Na ubaya zaidi: kati ya 1907 na 1922 msichana aliyezaliwa Carondelet akaolewa na Mwasturia asiye raia alipoteza uraia wake mwenyewe bila kutoka mtaani kwao. Akifiwa au akitaka kupiga kura, ilimbidi auombe upya, na karatasi hizo zipo.

Wako ambao hawakuomba kabisa, wakiamini watarudi kwao. Hao watafute kwenye usajili wa wageni wa 1940, uliomlazimu kila asiye raia mwenye miaka 14 na zaidi kujaza fomu na kuchukuliwa alama za vidole. Tena, aliyefanya kazi baada ya Novemba 1936 alijaza fomu ya hifadhi ya jamii (Social Security), ambayo inataka majina ya wazazi wote wawili kwa mkono wa mwenyewe au wa karani aliyeketi mbele yake.

Hatua ya 7: Orodha ya meli

Ukiwa na jina la meli kutoka kwenye faili la uraia, umekwisha kufika. Ukiwa huna, tafuta New York kwanza, lakini usiishie hapo: wengi walipitia Havana na kuingilia Florida au New Orleans, kwa kuwa Kuba ilikuwa imejaa Waasturia kabla ya Marekani. Waliondokea Gijón, Santander, La Coruña, na pia Le Havre ya Ufaransa, kwa hiyo meli ya Kifaransa isikupoteze.

Kuanzia 1907 orodha ina kurasa mbili za kukabiliana, na tovuti nyingi hukuonyesha moja. Bonyeza mbele. Ukurasa wa kwanza una ndugu wa karibu aliyebaki nyumbani, jina na mji. Wa pili una anayemwendea, uhusiano wao, mtaa na namba ya nyumba, na mwishoni kabisa mji wa kuzaliwa. Usimsome mtu wako peke yake. Soma mistari 10 juu yake na 10 chini. Vijana wa Castrillón walisafiri kwa vikundi, wanne watano kwenda anwani moja ya Carondelet, na kama mwandiko wa jina la kijiji hausomeki kwa mmoja, kwa wa pili utasomeka. Arnao huonekana kama Arno au Arnas.

Ukiona namba na tarehe zimechomekwa juu ya jina kwa wino mwingine, hizo ziliandikwa baadaye na maofisa waliokagua ombi lake la uraia. Zifuate.

Baada ya 1924 usitarajie wageni wengi. Sheria ya mwaka huo iliipa Uhispania nzima nafasi 131 kwa mwaka. Ukikuta mtu "amefika" 1927, chunguza kama alikuwa anarudi tu.

Hatua ya 8: Chama, magazeti na kaburi

Waasturia wa Carondelet walikuwa na chama chao, Spanish Society, chenye ukumbi barabara ya Michigan. Vyama vya namna hii vilisaidia wagonjwa na kuzika wanachama, na palipo na michango pana daftari. Andika barua ya adabu, eleza unamtafuta nani, ambatisha picha. Usiombe "taarifa zote mlizonazo". Uliza jambo moja linalojibika.

Tanzia za Post-Dispatch, gazeti la St. Louis, zina faharasa kwenye maktaba ya umma ya St. Louis, na maktaba ya kaunti ina idara kubwa ya nasaba inayojibu barua pepe. Tanzia inataja dada aliyeko Donora na kaka wa Clarksburg, na hapo umepata matawi mawili kwa mstari mmoja. Kwa Kihispania, pekua La Prensa ya New York, na hasa España Libre, iliyotoka 1939 hadi 1977. Jamii hizi ziliunga mkono serikali ya Jamhuri wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uhispania, na magazeti yao yalichapa habari za matawi na wachangiaji wao.

Hilo linakugusa kwa namna nyingine. Wafanyakazi wengi wa Asturias hawakupatana na kanisa. Usidhani Mhispania ni Mkatoliki wa kila Jumapili. Kama ubatizo haumo parokia za Carondelet, huenda haukufanyika, na ndoa ilifungwa kwa hakimu. Makaburini hali ni hiyohiyo: tafuta Mount Olive ya Wakatoliki, na tafuta Mount Hope pia. Ukipata kaburi, uliza nani alinunua kiwanja na nani wengine wamezikwa humo.

Hatua ya 9: Kuvuka kwenda Asturias

Usiandike barua Uhispania kabla hujawa na majina yote mawili ya ukoo, mwaka wa kuzaliwa wa kukadiria, na wilaya. Wilaya huitwa concejo, na ziko 78. Ndani yake kuna parokia, na ndani ya parokia vijiji vidogo. San Martín na Santiago zimejaa kila upande, hivyo jina la parokia bila concejo halitoshi.

Usajili wa kiserikali ulianza Januari 1871. Cheti unachotaka kinaitwa *certificación literal de nacimiento*, yaani nakala nzima ya ukurasa wa kitabu, maana ile ya muhtasari haina babu na bibi. Hakilipiwi. Waombe ofisi ya Registro Civil ya concejo, kwa Kihispania, kwa ufupi: *Solicito certificación literal de nacimiento de Manuel Suárez Muñiz, hijo de … y de …, nacido en Arnao, concejo de Castrillón, hacia 1888.* Weka majina ya wazazi, anwani yako ya posta na nakala ya kitambulisho. Kikija, utakuta wazazi, babu na bibi wa pande zote mbili, walikozaliwa, na pembeni maelezo yaliyoongezwa baadaye.

Nyuma ya 1871 utategemea vitabu vya parokia, ambavyo kwa sehemu vimekusanywa katika hifadhi ya jimbo la kanisa Oviedo. Uliza kwanza kama vya parokia yako vimesalia, kwa sababu vingi viliungua katika uasi wa Oktoba 1934 na vita vilivyoanza 1936. Vikiwa vimeungua, geukia njia tatu. Daftari za wakazi za concejo ni ya kwanza. Ya pili ni mikataba ya wathibitishaji wa hati (notari) katika Archivo Histórico de Asturias, iliyomo ndani ya gereza la zamani la Oviedo, ambako utakuta baba akimpa ruhusa mwana asiyetimiza umri kuvuka bahari. Ya tatu naipenda kuliko zote: majalada ya kuandikisha vijana jeshini, yanayoitwa *quintas*, katika hifadhi ya concejo. Kila kijana aliitwa kwa jina akifikia umri. Asipotokea, mzazi aliulizwa yuko wapi, na jibu likaandikwa: yuko Amerika. Aliyekosa kabisa aliandikwa *prófugo*, mtoro. Kwa familia yako huenda neno hilo likawa fedheha au fahari. Kwa mtafiti ni tarehe, mahali na majina ya wazazi kwenye ukurasa mmoja.

Vipimo vya DNA vinasaidia kuthibitisha, si kuanzia. Vijiji vya Castrillón vimeoana kwa karne nyingi, kwa hiyo mashine itakupa "binamu" wengi ambao uhusiano wao ni wa mbali zaidi kuliko namba inavyosema.

Kuhifadhi

Kwa kila jambo andika ulipolipata: jina la hifadhi, kitabu, ukurasa, siku uliyoangalia. Skani picha mbele na nyuma, andika majina kwa penseli laini ukingoni nyuma, usitumie kalamu ya wino. Taarifa za watu walio hai usizipandishe kwenye miti ya nasaba ya intaneti bila wao kukubali, hata kama ni shangazi asiyejua kuwasha simu. Ukimaliza, peleka nakala panapotunzwa mambo haya: Museo del Pueblo de Asturias mjini Gijón hukusanya barua na picha za wahamiaji, na Archivo de Indianos, Colombres, imeshughulikia habari zao tangu 1987. Kabla ya kutuma, andika kwenye kila picha jina la concejo na la mji wa Marekani, la sivyo itakaa kwenye boksi la García wasiojulikana.